Kwa anayeanza gatka: miguu kwanza, upanga baadaye

Wengi huja darasa la kwanza la gatka kwa sababu ya video. Wamemwona Nihang, mpiganaji wa Kisikh, aliyevaa buluu, kilemba kirefu kichwani, akizungusha panga mbili mpaka hazionekani, nao wanataka kushika upanga siku hiyo hiyo. Hutaushika. Miezi ya mwanzo ni ya miguu, kisha fimbo. Mwalimu akiwa makini, panga zitalala juu ya kitambaa mbele ya darasa na kazi yako itakuwa kuziinamia tu.

Gatka ni mchezo wa fimbo na ngao wa Wasikh wa Punjab. Asili yake ni mafunzo ya upanga, na sura yake ya leo ilijengeka baada ya Waingereza kuitwaa Punjab mwaka 1849 na kuwapokonya wenyeji silaha. Ndiyo maana fimbo hushikwa na kupitishwa hewani kana kwamba ina makali upande mmoja. Anayeitumia kama rungu husahihishwa kila dakika bila kuelewa kosa lake.

Madarasa mengi, hata ya Uingereza na Kanada, hufanyika kwenye viwanja vya gurdwara, kwa hiyo adabu za nyumba ya ibada zinatangulia. Vua viatu, nawa mikono, funika kichwa kwa kitambaa, kapelo haifai. Usiingie na sigara, ugoro wala pombe hata kama imefungwa mfukoni, maana tumbaku ni mojawapo ya makatazo manne makubwa ya Khalsa, jumuiya ya Wasikh waliobatizwa. Ukikaa ukumbini, nyayo zisielekee Guru Granth Sahib, kitabu kitakatifu cha Wasikh. Karah parshad, ile halua ya unga wa ngano, samli na sukari, ipokee kwa mikono miwili iliyokingwa. Wanaume waite veerji, wanawake bhenji. Sisi huku tumezoea kusema Singasinga au Kalasinga, lakini ndani ya gurdwara maneno hayo yaache nje na viatu.

Kisha kuna langar, chakula cha wote kinacholiwa mkiwa mmekaa sakafuni. Aliyewahi kusimama Makindu, kwenye gurdwara iliyojengwa mwaka 1926 kando ya reli na barabara ya Mombasa, anaijua: unakula bure, hakuna anayekuuliza dini yako. Chukua unachoweza kumaliza. Mwalimu akikupa zamu ya kuosha sahani, osha. Huko nako ni darasani.

Vifaa vya kuanzia ni viwili. Fimbo, yaani soti, huwa na urefu wa sentimita 91 hadi 107, unene wa takriban sentimita 1.3, na mpini wa sentimita 15 hadi 18 wenye kikinga mkono. Ngao, farri, ni ya mviringo, upana wa sentimita 23, ya ngozi kavu iliyojazwa pamba au nyasi kavu. Anza na fimbo fupi; ndefu humfanya mgeni azungushe kwa bega. Henzirani ni bora kuliko mwanzi kwa mazoezi ya watu wawili. Henzirani ikichoka hulegea na kutoa nyuzi, nawe unaona mapema. Mwanzi hupasuka kwa urefu, ukatoa kibanzi chenye makali kinachoweza kuruka usoni. Kabla ya kila zoezi pitisha kitambaa kwenye fimbo nzima. Kikinasa popote, fimbo hiyo haitumiki tena na mwenzako. Ngao nayo ibonyeze katikati: ukigusa mkono wako upande wa pili, pamba imesogea, na pigo litakaloingia hapo litafika kwenye vifundo vya vidole.

Sasa miguu. Pentra ndiyo hatua ya msingi. Shule hutofautiana kwa mpangilio, ila kiini ni hesabu ya nne inayokutoa ulipo na kukurudisha. Chora msalaba wa chaki sakafuni, kila mkono wake uwe na urefu wa hatua yako ya kawaida, simama katikati. Magoti yalegee, uzito ukae mbele ya unyayo, kisigino kiguse bila kubeba mwili. Hesabu kwa sauti, kila hesabu mguu uguse ncha moja kwa mpangilio ambao mwalimu wako ameuchagua. Dakika kumi mikono mitupu, kisha dakika kumi ukianza na mguu wa pili. Usiruke hizi za pili. Mwenye pentra ya upande mmoja husomeka haraka: mpinzani humsubiri upande ambao hawezi kwenda.

Kosa kubwa ni kichwa kupanda na kushuka. Maana yake ni kwamba unanyoosha magoti kila hatua, na mguu ulionyooka hauwezi kubadili mwelekeo mpaka ukunjwe tena. Katika nafasi hiyo ndogo ndipo unapopigwa. Mwambie mwenzako anyooshe fimbo usawa wa utosi wako huku ukipiga pentra. Usiiguse, wala usiiache mbali. Kosa la pili huja na ngoma. Nagara au dhol ikianza, mgeni hupanua hatua akidhani ndiyo kasi. Kasi inatoka kwenye hatua fupi. Wapiga ngoma wazuri wanalijua hilo na humtazama mchezaji dhaifu zaidi. Wasio wazuri humkimbiza mtu mpaka akajikwaa.

Fimbo inapoingia, mzungusho wa kwanza ni ule unaopita ubavuni, mbele hadi nyuma, mkono mmoja. Simama ubavu ukielekea ukuta, fimbo na ukuta viachane kwa upana wa kiganja, zungusha polepole. Ukuta ukigongwa, kifundo cha mkono kimefungukia nje. Kwenye uwanja wazi usingeona, na kosa hilo likizoeleka kwenye fimbo, siku ya upanga litapeleka makali kwenye goti lako mwenyewe. Wakati wa kuzungusha, kidole gumba na cha shahada ndivyo vinavyoshika, vingine vinafuata. Wakati wa kugusa lengo ndipo ngumi nzima hufunga. Anayekaza ngumi muda wote huumia mkono wa chini ndani ya wiki chache na kudhani ni udhaifu. Mkono wa kushoto upe muda mara mbili ya wa kulia, kwa kuwa gatka hufundisha mikono yote kufanya kazi kwa pamoja. Ngao isikae kifuani. Itangulize, kiwiko kikiwa kimekunjwa kidogo, ili pigo life njiani.

Mkianza kushindana kwa hiari, vaa helmeti yenye wavu usoni. Wapo watakaocheka. Waache wacheke. Na vionjo vya maonyesho, kupasua nazi juu ya kichwa cha mtu aliyelala au kupiga ukiwa umefungwa macho, havina cha kumfundisha anayeanza. Ni burudani ya watu waliofanya hivyo miaka mingi, na hata kwao ajali hutokea.

Talwar yenyewe, yaani upanga, ikifika zamu yake, itakushangaza kwa mpini mdogo. Usitafute mkubwa. Mkono unatakiwa kubanwa, na lile sahani la chuma mwishoni mwa mpini hukizuia kifundo kukunjuka sana. Ukikata kwa kifundo kama unayefyeka majani, sahani litakuchoma mkononi. Upanga huu uliopinda hukata kwa kuvutwa: kiwiko na bega vinaongoza, makali yanateleza juu ya lengo. Basi ukipata michubuko kifundoni, tatizo liko kwenye mkato wako.

Maadili ya Khalsa yanaingia humu humu. Mwaka 1606 Guru Arjan, kiongozi wa Wasikh, aliuawa Lahore kwa amri ya mfalme Jahangir; mwanawe, Guru Hargobind, akavaa panga mbili, moja ya miri, mamlaka ya dunia, na moja ya piri, mamlaka ya roho. Mwaka 1675 Guru Tegh Bahadur alikatwa kichwa Delhi akiwatetea Wahindu wa Kashmir, watu wa dini nyingine. Mwaka 1699, siku ya sikukuu ya Vaisakhi huko Anandpur Sahib, Punjab, Guru Gobind Singh akaanzisha Khalsa. Katika barua yake ya Kiajemi kwa mfalme Aurangzeb, ambaye watu wake walivunja kiapo cha kumpa njia salama, aliandika kwamba njia zote zikishashindikana, ni halali mkono kushika upanga. Uwanjani hilo linatafsirika hivi: unakinga kwanza, unarudi nyuma ukipata nafasi, na mwenzako akiangusha fimbo au akianguka, zoezi linasimama palepale bila pigo la mwisho. Hata Qazi Nur Muhammad, aliyefuatana na jeshi la mfalme wa Waafghani, Ahmad Shah Durrani, kwenye miaka ya 1764 na 1765 na kuwatukana Wasikh bila kificho, alikiri kwamba hawakumwua aliyeweka silaha chini wala hawakumfukuza aliyekimbia. Ushahidi wa adui una uzito wake. Mgeni anayeongeza kipigo kimoja baada ya mwenzake kusimama hurudishwa kwenye pentra, na hastahili kulalamika.

Silaha haivukwi kwa mguu, haiachwi chini ovyo, haielekezwi kwa mtu kwa mzaha. Kirpan, upanga mdogo anaouvaa Msikh aliyebatizwa, si kifaa cha mazoezi. Usiombe ichomolewe ili uipige picha. Ni mojawapo ya vitu vitano vya imani, pamoja na nywele zisizokatwa, kitana, bangili ya chuma na kachhera, yaani kaptula ya ndani, na katiba ya India, ibara ya 25, inaitaja wazi kuwa sehemu ya dini yao.

Wengine watakuja wakitokea kalaripayattu, sanaa ya kupigana ya Kerala, kusini mwa India, au watatamani kuchanganya. Zinafanana kwa heshima, ila mpangilio ni mwingine. Kalari ni uwanja uliochimbwa chini ya usawa wa ardhi, kwa kipimo cha asili futi 42 kwa 21, mlango upande wa mashariki, na kwenye kona ya kusini-magharibi kuna puttara, madhabahu ya ngazi saba. Unaingia kwa mguu wa kulia, unagusa sakafu kisha paji la uso. Mafunzo huanza na mwili peke yake, meythari, pamoja na kukandwa kwa mafuta. Hufuata silaha za mti, kisha za chuma, na urumi, ule upanga unaokunjika, huachwa mpaka mwisho kwa kuwa humrudia mwenye kuurusha. Miondoko yake ni ya chini sana. Ukiileta kwenye pentra kabla ya mwaka kupita utapata mguu usio wa huku wala wa kule. Chagua moja. Vijayadashami, siku ambayo Wahindu wengi husafisha na kuzipa heshima silaha zao, unaweza kuhudhuria bila kubadili shule.

Ukibahatika kwenda Anandpur Sahib kwa Hola Mohalla, sherehe ya Wasikh ya siku zinazofuata Holi, sikukuu ya Wahindu, kaa mbali na njia ya farasi: wapanda farasi wa Nihang hung'oa vigingi kwa mkuki wakiwa mbio, na farasi hasimami kwa ajili ya simu yako. Omba ruhusa kabla ya picha. Ukipewa kinywaji cha kijani kiitwacho sukhnidhan, fahamu kwamba kina bangi. Kukikataa kwa viganja vilivyounganishwa hakumuudhi mtu.