Mwambie mwanao kwamba Nahodha amekufa

SWALI: Shangazi, shikamoo. Nina kijana wa miaka 15, ana usonji. Tunaishi Mikindani na mama yangu mzazi. Kwa miaka minane kijana wangu alikuwa na paka wake, Nahodha, na kila siku saa kumi jioni alimwekea kibua kwenye sahani ya bati. Wiki tatu zilizopita bodaboda ilimgonga Nahodha, akafa. Kijana alikuwa shule. Jirani akamzika nyuma ya nyumba, na bibi yake akamwambia Nahodha amesafiri. Kijana hakutoa hata chozi, majirani wakasema huyu hana uchungu. Sasa kila saa kumi anakaa barazani na sahani yake, anauliza Nahodha anarudi lini, anauliza tena na tena, halafu anajigonga kichwa ukutani. Kula anakula kidogo. Nimtafutie paka mwingine?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na poleni nyote. Bibi naye mpe pole, maana alilosema alilisema kwa huruma. Sisi watu wa pwani neno kifo hatupendi kulitamka mbele ya mtoto. Tunasema ametangulia, amepumzika, amesafiri, na watoto wengi huipata maana yenyewe kwa kutazama nyuso zetu. Mwenye usonji mara nyingi hulichukua neno kama lilivyo. Aliyesafiri hurudi. Basi la Dar likiondoka asubuhi, kesho yake liko stendi. Kwa hiyo mwanao hasumbui wala hakaidi. Anakwenda kumpokea msafiri, na msafiri hatokei, siku ya ishirini sasa.

Lile neno lazima lirekebishwe, na ningependa bibi awepo. Chagueni asubuhi akiwa ametulia, msingoje ile saa kumi. Maneno yawe machache: "Nahodha amekufa. Pikipiki ilimgonga. Moyo wake umesimama, hapumui, hasikii njaa wala maumivu. Hatarudi. Bibi alisema amesafiri, bibi alikosea." Kama anasoma, mwandikie hayo hayo kwenye karatasi akae nayo. Kama anapenda picha, mchoree. Kisha mpeleke nyuma ya nyumba aone alipozikwa, akikubali kwenda. Atauliza tena, pengine mara kumi kwa siku. Mjibu kwa maneno yale yale, usibadilishe wala kuongeza. Jibu lisilobadilika ndilo litakalomtuliza.

Anaweza kulia siku hiyo, anaweza asilie, anaweza hata kucheka. Usimsome kwa uso. Wenzetu hawa huzuni yao inaweza kuchelewa majuma, na ikija inatoka kwa njia nyingine: kukataa chakula, kukosa usingizi, kujitikisa, kukasirikia sauti ambazo jana hakuzijali. Mwanao amekuwa akiomboleza tangu siku ile ya kwanza, mwanangu, ila jirani alikuwa anatafuta machozi.

Na hao wanaosema "ni paka tu", wakumbushe kisa wanachokijua kutoka madrasa. Mtoto mdogo, Abu Umayr, alikuwa na ndege wake wa kuchezea, ndege akafa, mtoto akakaa na huzuni. Mtume (s.a.w.) alimwendea akamuuliza habari za ndege wake, kwa upole na kwa kumtajia ndege mwenyewe. Hakumwambia ni ndege tu. Kisa hiki nakipenda sana, na ndicho ningekisoma barazani kwako kama ningekuwa jirani.

Sahani usiitupe, wala usiifiche. Ni yake. Saa kumi pia usiiache tupu, kwa sababu miaka minane saa hiyo ilikuwa na kazi. Muulize angependa kufanya nini: kumwagilia mahali alipozikwa Nahodha, kuteremka pwani kutazama mashua zinaporudi, kumchora. Akitaka kukaa tu na sahani yake, kaa naye. Kumkumbatia, mkumbatie kama mwenyewe hupenda. Mwalimu wake naye aambiwe, ili shuleni asilisikie tena lile neno "amesafiri".

Paka mwingine, hapana, si sasa. Na siku ikifika asiitwe Nahodha. Ngoja kijana mwenyewe amtaje paka kwanza, hata kama ni baada ya mwaka.

Hilo la kujigonga kichwa ndilo linalonitia hofu. Likianza, weka mto kati ya kichwa na ukuta, punguza kelele na watu, sema kidogo. Lakini usiamini moja kwa moja kwamba ni msiba peke yake. Kijana asiyeweza kueleza maumivu anaweza kujipiga kichwa kwa sababu ya jino au sikio, na kula kidogo kunaweza kuwa na sababu hiyo hiyo. Mpeleke hospitali ya Ligula wiki hii, aangaliwe masikio na meno, na umweleze daktari yote uliyoniandikia, pamoja na habari za Nahodha. Aende na sahani yake, kama anaitaka.