Jibu: Nikibadili mwajiri, foleni ya grinikadi (kibali cha kuishi Marekani kwa kudumu) inaanza upya?

Ndugu, pole kwa kusubiri. Umeuliza kama miaka 8 itapotea ukihamia kampuni nyingine hapo Marekani. Ikiwa ombi la I-140, yaani lile mwajiri analokupelekea serikalini ili upate grinikadi, lilishapitishwa, tarehe yako ya foleni kwa kawaida inabaki yako, isipokuwa ombi hilo lifutwe kwa udanganyifu au kosa kubwa. Mwajiri mpya ataanza makaratasi yake upya, ndiyo, na hiyo kazi inachosha, lakini nafasi yako kwenye mstari haiondoki.

Ila kuna jambo umelitaja kwa kupita tu: wewe ulizaliwa India, mkeo Kenya. Mbona hukuanzia hapo! Kikomo cha asilimia 7 ya grinikadi za mwaka kwa kila nchi huangalia mahali ulipozaliwa, si pasipoti, na sheria inaruhusu kuhesabiwa chini ya nchi aliyozaliwa mwenzi wako mkiomba pamoja. Foleni ya India ndiyo inayokukalisha miaka yote hiyo. Ya waliozaliwa Kenya ni fupi zaidi kwa mbali. Wakili wako hakukuuliza mkeo kazaliwa wapi? Mpelekee cheti chake cha kuzaliwa na cha ndoa wiki hii, kabla hujaandika barua ya kuacha kazi.