Boneti ya Kaboni: Mbona Bei Iko Juu Hivi?

SWALI: Ndugu mafundi, gari langu ni la miaka ya 1970 na boneti imeliwa na kutu. Nimeomba bei ya boneti moja ya nyuzi za kaboni, nikatajiwa kiasi kinachozidi mara sita gharama ya kitambaa na resini (gundi inayokigandisha) niliyoipigia hesabu mwenyewe. Je, napigwa?

JIBU: Huenda hupigwi. Hesabu yako ya vifaa haina kasoro. Ulichosahau ni kalibu, yaani umbo ambalo kitambaa hulazwa ndani yake ili kipate sura ya boneti.

Boneti ya mita 1.2 kwa 1.2 ina karibu mita 1.5 za mraba. Gamba la juu lenye tabaka nne za kitambaa cha gramu 200 kwa mita ya mraba linakula mita 6 za mraba, na ukiongeza robo kwa vipande vya kutupa unafika 7.5. Resini itakayobaki ndani ya gamba ni kama gramu 800, lakini fundi atachanganya kilo moja na nusu, maana nyingine huishia kwenye wavu wa kuisambaza na kwenye mipira ya kuipitisha. Fremu ya chini, ile inayoshika bawaba na kufuli, nayo inataka kitambaa chake. Hesabu za wengi huishia hapo.

Sasa kalibu. Lazima itolewe kwenye boneti ya gari lako lenyewe, kwa sababu bodi za zamani zilimaliziwa kwa mkono, na magari mawili ya kiwanda kimoja huweza kupishana milimita kadhaa kwenye mapengo ya milango na boneti. Kwa hiyo boneti yako mbovu inazibwa matundu, inapigwa pati, inasuguliwa kwa msasa kuanzia namba 400 hadi 1200, kisha inapakwa nta mara tano au sita huku kila mkono ukiachwa ukauke. Mkwaruzo wowote utakaobaki utauona tena kwenye kaboni, ukiwa unang'aa. Baada ya hapo ni mikono miwili ya jelkoti (resini nzito ya uso wa kalibu), faibaglasi nyepesi iachwe igande, ndipo zifuate tabaka nzito za gramu 450, moja au mbili kwa siku. Fundi mwenye haraka akizilaza zote asubuhi moja, resini inapata joto, inasinyaa, na kalibu inapinda. Boneti itakayotoka humo haitakaa sawa na mabawa ya gari hata uisukume vipi.

Mpaka hapo zimekwenda saa 25 hadi 40 za kazi na kaboni yenyewe bado haijaguswa. Fremu nayo inataka kalibu yake. Gharama hiyo yote inabebwa na boneti moja, yaani yako.

Kuna njia za kuipunguza. Watafute wenye gari kama lako: boneti ya pili kutoka kalibu ileile huwa na bei ya vifaa na ya siku mbili tatu za kazi tu, ingawa itabidi mwenzako akubali kurekebisha mapengo kidogo. Uliza tangu mwanzo kalibu itabaki mali ya nani, na mwandikishane. Kazi ya pati na msasa unaweza kuifanya mwenyewe fundi akikubali. Na kama boneti itapakwa rangi ya gari, hatuoni sababu ya kununua kaboni. Faibaglasi itakuongezea kilo chache tu, na hakuna atakayejua.

SWALI: Naweza kuvika dashibodi ya zamani tabaka moja la kaboni badala ya kutengeneza mpya?

JIBU: Unaweza, na ndiyo njia nafuu kuliko zote, ila uzito utaongezeka. Sugua kwa msasa namba 120, futa mafuta yote, paka epoksi, aina ya resini, yenye rangi nyeusi ili mianya ya kitambaa isionyeshe rangi ya chini. Usubiri ifike mahali ambapo kidole kinaacha alama lakini hakitoki na resini. Laza kitambaa kuanzia katikati kwenda pembeni. Ukikivuta kwenye kona, mistari ya mshazari inapinda na hairudi. Ikigumu, ongeza mikono mitatu ya epoksi, sugua 240 hadi 1200, kisha paka klia, ile rangi angavu ya juu. Vaa barakoa ya vumbi unaposugua, na glavu kila ushikapo resini, kwani epoksi mbichi huleta mzio wa ngozi usioisha.

SWALI: Boneti yangu ya kaboni ina mwaka mmoja. Imegeuka njano, ufumaji umejitokeza juu kama mawimbi, na imepasuka karibu na bawaba.

JIBU: Hayo ni makosa matatu tofauti. Njano ni epoksi kupigwa na jua bila klia yenye kinga ya mionzi. Ikisuguliwa na kupakwa upya inapona, mradi njano haijazama ndani.

Mawimbi yanatokana na resini iliyogandishwa kwa joto la kawaida tu. Rangi nyeusi juani, juu ya injini ya moto, huifikisha kwenye joto la kuilainisha. Kipande kilipaswa kupashwa taratibu hadi nyuzi 60 au 80 za Selsiasi kwa saa kadhaa kikiwa bado ndani ya kalibu. Ukikipasha sasa, mawimbi yaliyopo hayaondoki. Itabidi kusugua na kupaka klia nene.

Ufa wa bawaba ndio wa hatari, kwa sababu boneti inaweza kufunguka barabarani. Bolti zimekazwa kwenye gamba la milimita moja, au juu ya povu linalowekwa katikati ya tabaka za kaboni, ambalo linabonyea. Sehemu hiyo ilitakiwa kuwa kaboni tupu ya milimita nne au tano, pamoja na bamba la alumini kwa chini. Kati ya kaboni na alumini iwekwe tabaka la faibaglasi, la sivyo unyevu ukiingia alumini italiwa na kugeuka unga mweupe. Mpaka itengenezwe, funga boneti kwa pini za kuishikilia kwenye bodi na usiende kasi.

SWALI: Ni lazima itumike tanuri la mgandamizo, lile linalopasha kipande moto huku likikikandamiza kwa hewa?

JIBU: La. Kwa boneti, mfuko wa plastiki na pampu ya kunyonya hewa vinatosha. Dai jambo moja tu: kabla ya resini kuingizwa, mpira wa pampu ubanwe, ndipo pampu izimwe, na geji iangaliwe dakika 20. Mshale ukisogea kuna tundu, na tundu hilo litakunyonyea vipovu vidogo kila mahali. Fundi anayeruka hatua hiyo, chukua boneti yako uondoke.