Maswali na Majibu: Mafuta ya Moyo na Kiuno Msichotaka Kukipima

Eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) imeonyesha mafuta juu ya moyo wangu. Ina maana mishipa imeziba?

Hapana. Kila moyo una mafuta hayo, na hutumia sehemu yake kama nishati. Tatizo ni yakizidi. Hakuna utando unaoyatenga na msuli wa moyo, na mishipa inayolisha moyo hupita ndani yake. Yakiwa mengi hupunguza kutoa adiponektini, homoni ambayo hulinda mishipa, na humwaga kemikali zinazochochea uvimbe (mwili kujibu kana kwamba umejeruhiwa) kama IL-6, jirani kabisa na mishipa hiyo. Pia yanahusishwa na mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio. Eko hupima unene kwa mahali tu; ujazo wote hupimwa kwa mashine kubwa za picha, CT au MRI. Lakini usikimbilie huko. Muulize daktari kwanza kuhusu presha na sukari yako.

Trigliseridi yangu (mafuta ya kwenye damu) ni 2.1. Ni mbaya?

Kwa kipimo gani, na ulikuwa umekula? Kila mara mnaniletea namba tupu! Kama ni mmol/L, mpaka ni 1.7.

CRP yangu (kipimo cha damu cha uvimbe mwilini) ni 14. Ni haya mafuta ya moyo?

Ulikuwa na mafua, jino bovu, kidonda? Ikipita 10 mg/L, tafuta kwanza maambukizi au jeraha, kisha rudia ukishapona. Uvimbe wa chinichini unaotokana na unene kwa kawaida huwa chini ya hapo.

Naomba orodha ya vipimo vyote vya damu: leptini (homoni ya mafuta), adiponektini, IL-6…

Sikupi. Hivyo vinawafaa watafiti. Daktari wako hatabadilisha dawa hata moja kwa sababu ya leptini. Sindromu ya metaboliki, yaani mkusanyiko wa hatari za moyo na kisukari, hutambuliwa kwa mambo matano, na matatu yakitimia umeingia: kiuno kipana, trigliseridi kuanzia 1.7, HDL (lehemu nzuri) chini ya 1.0 kwa mwanamume au 1.3 kwa mwanamke, presha kuanzia 130/85, sukari ya kabla ya kula kuanzia 5.6 (trigliseridi, HDL na sukari ni kwa mmol/L). Anayetumia dawa za presha au sukari huhesabiwa pia. Kiuno hupimwa kwa futi ya fundi cherehani, bure, lakini barua zenu zote leo hazina hata kipimo kimoja cha kiuno. Tena, pima bila kuvuta tumbo ndani.

Mimi ni mwembamba, hainihusu?

Wapo wembamba wenye mafuta mengi ndani. Pima.

Lehemu imeshuka. Niache vidonge?

Imeshuka kwa sababu unavimeza. Usiache bila kuongea na daktari.

Nikinyonywa mafuta ya tumbo kwa upasuaji, ya moyo yatapungua?

Upasuaji huo huondoa mafuta ya chini ya ngozi tu. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wanawake wanene walioondolewa takriban kilo 10 kwa njia hiyo: insulini, presha na CRP havikuwa bora. Uzito ukipungua kwa chakula na mazoezi, mafuta ya moyo nayo hupungua. Anayekuuzia chai ya kuyayeyusha hana kipimo cha kukuonyesha. Mwombe picha za kabla na baada, za moyo, si za tumbo.