Nipeni Lisbon, saa saba mchana

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: ukipata nafasi ya kwenda mji mmoja tu wa Ulaya, nia ikiwa kula na kupumzika, utachagua upi na utakula vipi? Najua Paris na Roma zitapata kura nyingi. Mimi kura yangu ni Lisbon, na mniwie radhi nikirefusha kidogo, kwa sababu nusu ya pili ya swali lenu, ile ya "utakula vipi", ndiyo watu huiruka.

Nianze na jambo la kumtuliza mtu wa Pwani: Wareno wanakula wali. Ukigawa kwa kichwa, hakuna watu Ulaya wanaokula mchele mwingi kuliko wao, na kwao ni chakula cha kila siku. Kuna wali wa nyanya wenye majimaji, ambao lazima ufike mezani haraka kabla haujayanywa. Kuna wali wa pweza, uliopikwa kwa maji aliyochemshiwa pweza mwenyewe, ukatoka na wekundu wake. Kuna wali wa kamba, kaa na kome unaoletwa na sufuria yake ukiwa bado unatokota. Na ukiagiza samaki wa kukaanga, usishangae kukuta wali na chipsi vimekaa sahani moja. Wenyewe hawaoni ajabu. Nilisafiri na dada yangu, mtu ambaye mkate kwake ni kifungua kinywa tu, hata ukimpa boflo zima. Alipoona sahani ile ya wali na chipsi alinitazama akasema, "Hawa ni watu." Wasiwasi wake ukaishia hapo.

Sasa namna ya kula. Mlo wako mkubwa uwe wa mchana. Kila mtaa wa Lisbon una tasca, yaani mkahawa mdogo wa familia: meza chache zimebanana, juu yake karatasi nyeupe badala ya kitambaa, na televisheni pembeni inayojisemea peke yake. Mchana hupikwa vyakula viwili vitatu vya siku, prato do dia, vikaandikwa kwa mkono kwenye karatasi na kubandikwa mlangoni. Wanaoingia ni mafundi wa ujenzi, makarani na wazee wa mtaa, na ndiyo maana chakula ni kingi, kimepikwa asubuhi ileile, na bei haitishi. Ukifika saa sita u nusu unapata kiti. Ukifika saa saba unasimama mlangoni pamoja na wenyeji. Ukifika saa tisa unakuta meza zinafutwa. Usiku mambo hubadilika: mikahawa inayobaki wazi katikati ya mji mingi yake inawawinda wageni, kuna mtu nje anakuita kwa menyu yenye picha, na ukimwona huyo mpite.

Kwa hiyo siku ipange kuanzia katikati. Amua kwanza mchana utakula wapi, kisha asubuhi utembee kuelekea huko taratibu. Nasema taratibu kwa sababu Lisbon ni mji wa vilima na njia zake zimetandikwa vijiwe vyeupe vinavyoteleza. Viatu vya soli laini viacheni nyumbani. Asubuhi yenyewe inatosha kwa kahawa, ile ndogo nyeusi wanayoiita bica, ukiwa umesimama kaunta. Kukaa kwenye meza ya nje mara nyingi hugharimu zaidi.

Mlo ninaoukumbuka kuliko yote tuliula mtaa wa Graça, juu kilimani. Mzee mwenye aproni alitupa mkate, zeituni na kipande cha jibini kabla hatujaagiza chochote. Jueni kwamba hiyo si zawadi: inaitwa couvert, na kila ulichogusa kinaingia kwenye hesabu. Usichokitaka mwambie akiondoe, na hakuna atakayekununia. Sisi mkate tuliubakisha mezani, na tulifanya vyema, kwa sababu baada yake alikuja polvo à lagareiro.

Pweza huyu huchemshwa kwanza mpaka alainike, kisha huingizwa tanuri pamoja na viazi vidogo vilivyookwa na maganda yake, kila kimoja kimepigwa ngumi kikapasuka. Halafu vyote humwagiwa mafuta ya zeituni yaliyopashwa moto na vitunguu saumu, tena kwa mkono wa ukarimu. Sahani ilikuja na mikono mizima. Ncha zilikuwa zimekauka hadi zinalia menoni, na kwenye unene wake uma ulipita bila kisu. Nimemla pweza tangu utotoni, wa supu, wa nazi, wa kuchomwa makaa, lakini huu mchezo wa kumzamisha kwenye mafuta na saumu kisha kuwaachia viazi kazi ya kunyonya sikuwahi kuuona. Mafuta yaliyobaki ndiyo ya ule mkate. Dada aliuliza nazi iko wapi, nikamwambia, "Dada, kula." Tulipomaliza, mzee alitoa kalamu sikioni, akajumlisha juu ya karatasi ya mezani mbele yetu, akatuonyesha, kisha akaichana kona ile na kuondoka nayo.

Hamtakwepa bacalhau, wala msijaribu. Ni samaki wa bahari za baridi za kaskazini, hasa Norwei, aliyepasuliwa, akatiwa chumvi na kukaushwa mpaka akawa ubao. Wareno wana pwani ndefu yenye samaki wabichi wa kila aina, na bado wanayemuimbia ni huyu mkavu wa kutoka mbali. Ukipita Rua do Arsenal utakuta maduka yamewarundika, na harufu yake kwa aliyezoea soko lenye papa wa chumvi haihitaji maelezo. Jikoni huloweshwa siku nzima au mbili, maji yakibadilishwa kila mara. Wenyewe husema mapishi yake yanazidi siku za mwaka. Kwa mgeni nashauri à Brás: nyama yake imechambuliwa nyuzinyuzi, ikachanganywa na vitunguu, viazi vilivyokatwa vyembamba kama njiti na kukaangwa, na mayai yanayotolewa motoni kabla hayajaganda vizuri, juu yake zeituni nyeusi na kotimiri ya kizungu. Yakiganda kabisa, mpishi alikuwa akiongea na simu. Kuna ile ya maziwa ya krimu, com natas. Wapo wanaoipenda, mimi naona wamemfunika samaki blanketi.

Dagaa wakubwa, sardinha, ni wa kiangazi. Ni jamii moja na dagaa papa wetu, ila hawa hujaza kiganja, na kuanzia Juni huwa wamenona. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Juni, sikukuu ya Santo António, mtaa wa Alfama wote huwa moshi. Watu hutoa majiko milangoni na kuchoma barabarani. Mwenyeji hamli kwa sahani. Humlaza juu ya kipande cha mkate, akamla kwa vidole, akamweka mwingine juu ya mkate uleule, na mkate ukishashiba mafuta ndipo unaliwa. Ukienda Januari ukaona sardinha wa kuchoma kwenye menyu, huenda wametoka kwenye friza.

Kwa wasomaji wenzangu Waislamu, nguruwe ni wa kuangaliwa kwa makini, kwa sababu hujificha. Supu ya sukuma na viazi, caldo verde, inaonekana haina hatia lakini juu yake huwekwa vipande vya soseji ya nguruwe. Maharage vilevile. Amêijoas à Bulhão Pato, yaani kombe wa saumu na majani ya giligilani, mara nyingi hutiwa mvinyo mweupe. Jifunzeni maneno mawili, sem porco, yaani bila nguruwe, na muulize bila haya. Zaidi ya hapo, samaki wa kuchoma kwa mafuta ya zeituni na ndimu yuko kila mahali. Mkiona bei imeandikwa kwa kilo, ombeni apimwe mbele yenu kabla hajaingia motoni.

Mkitaka kula bila kuuliza, nendeni Martim Moniz. Kuanzia hapo na kupanda mtaa wa Mouraria, hasa Rua do Benformoso, kuna mikahawa ya Wabangladeshi na Wapakistani na mabucha ya halali yamepangana. Humohumo Mouraria kuna chakula cha Msumbiji, na hapo ndipo dada alipoipata nazi yake: matapa, ambayo kwa jina letu ni kisamvu cha nazi na karanga, na kuku wa kuchoma aliyepakwa pilipili na tui. Watu wa Msumbiji wana mizizi mirefu mjini humo. Jumuiya iliyojenga Msikiti Mkuu wa Lisbon, uliofunguliwa mwaka 1985, ilikuwa na wengi waliotoka huko, wakiwamo wenye asili ya Kihindi. Sambusa nazo zimeingia kwa mlango huo na wa Goa, zikaenea hata kwenye maduka ya keki. Utazikuta zimepangwa kwenye kioo pamoja na maandazi ya krimu, zinaitwa chamuças.

Tukija kwenye keki. Belém iko mwendo wa tramu namba 15 kutoka katikati ya mji, na duka la Pastéis de Belém limekuwa likiuza keki ileile ya kastadi tangu mwaka 1837. Asili yake ni watawa wa monasteri ya Jerónimos iliyo jirani. Inasemekana walitumia ute mweupe wa mayai kupigia nguo wanga, viini vikabaki vingi, wakavifanyia keki. Nyumba za watawa zilipofungwa mwaka 1834, keki ikahamia dukani. Foleni ya barabarani isiwatishe, hiyo ni ya wanaobeba. Ingieni ndani, vyumba ni vingi, kuta zina vigae vya buluu na vyeupe, mkae. Keki inakuja ikiwa na joto, uso wake umeungua madoa meusi, ganda la tabaka tabaka linavunjika ukiliminya tu, na mezani kuna kikopo cha mdalasini na kingine cha sukari ya unga. Mdalasini msiubanie.

Nimesema safari ni ya kula, lakini hapa nitatoka nje ya mada kidogo. Monasteri hiyo ilianza kujengwa mwanzoni mwa karne ya 16, na sehemu kubwa ya fedha zake ilitokana na ushuru wa asilimia 5 kwenye biashara ya Afrika na Mashariki, viungo vikiwamo. Aliyezikwa kanisani mwake ni Vasco da Gama, yuleyule aliyetia nanga Mombasa na Malindi mwaka 1498. Aliporudi mwaka 1502 alimlazimisha mtawala wa Kilwa kulipa kodi ya dhahabu, na kwa dhahabu ile kikafuliwa chombo cha ibada, Custódia de Belém, kilichomalizika mwaka 1506. Kipo mpaka leo katika Museu Nacional de Arte Antiga, njia ya kurudi mjini, nyuma ya kioo, kidogo na chenye nakshi za kupoteza macho. Nilikitazama kwa muda. Kwa haki tuseme pia kwamba mihogo tunayochoma ufukweni na pilipili tunayoipaka ilivuka kutoka Amerika kwa merikebu zao. Lakini siku ile, keki zangu mbili za Belém nilizila bila kujihesabia. Niliona zimekwisha kulipiwa Kilwa.

Jioni sina mengi. Baada ya mchana kama huo hakuna anayehitaji chakula kizito. Nunueni makopo ya samaki, maana Wareno wanayatengeneza kwa heshima, yamefungwa karatasi za rangi, ndani kuna sardinha, jodari au pweza. Ongezeni mkate na nyanya, mpande kwenye mojawapo ya sehemu za juu za kutazama mji, miradouro. Au pandeni kivuko cha Cais do Sodré kwenda Cacilhas, ng'ambo ya mto Tejo. Sisi wa Likoni tulicheka tulipokuta kila abiria amepata kiti. Huko ng'ambo mikahawa ya samaki ina nafasi zaidi, na mji wote mnauona mbele yenu.

Soko la Mercado da Ribeira liko palepale karibu na kivuko. Nusu yake imegeuzwa ukumbi wa vibanda vya vyakula tangu mwaka 2014, panapendwa na vijana na pana kelele. Mimi napenda nusu nyingine, asubuhi, wakati wauza samaki bado wanamwaga barafu.

Yaliyobaki ni ya safari yenyewe. Viza ni ya Schengen, ada yake euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, na miadi ianzeni mapema. Mwezi mzuri ni Mei, Juni au Septemba. Agosti tasca nyingi hufunga, wenyewe wameenda likizo, na wewe utabaki na wale wenye menyu za picha. Jumapili pia nyingi hazifungui. Na Jumatatu samaki mbichi msimwagize, kwa kuwa mashua nyingi Jumapili hazitoki. Siku hiyo pandeni Mouraria mkale kuku.

Msomaji wenu,
Likoni, Mombasa