Karate, taekwondo au ngumi kwa kujilinda usiku: jibu refu

Mkuu, umeuliza mambo matatu kwa mkupuo: kati ya karate, taekwondo na ngumi uchague ipi kwa kujilinda unapotoka kazini usiku; itachukua muda gani mpaka ufae; na mdogo wako wa kike wa miaka 17 aanze na nini. Nitayagusa yote. Ila wengi waliokujibu wametaja majina ya michezo tu, na jina peke yake halikusaidii kuchagua.

Mtu anajua kupigana kwa sababu amefanya mazoezi na mwenzake ambaye hataki kupigwa, hataki kuangushwa, na yeye pia anamtafuta. Mjapani Kano Jigoro alilielewa hili mapema. Alipoanzisha judo mwaka 1882 kwenye hekalu la Eishoji, Tokyo, akiwa na wanafunzi 9 na mikeka 12, alichukua jujutsu, sanaa ya zamani ya kupigana ya Kijapani, mapigo ya kuumiza akayaacha kwenye kata (mbinu zinazofanywa kwa mpangilio uliokubaliwa, bila kupingana), na mazoezi ya kila siku akayajenga juu ya kutupa, kubana chini na kukaba, ili vijana wavutane kwa nguvu zote bila kuuana. Mbinu ndogo uliyoirudia mara elfu kwa mtu anayekataa inakuja yenyewe ukishtukizwa. Mbinu ya kutoboa macho ambayo hujawahi kumfanyia mtu yeyote haiji. Ukimsikia mwalimu anasema watu wake hawapigani ukumbini kwa sababu mbinu zao ni za kuua, mshukuru, aga, nenda ukatafute pengine.

Kwa hiyo kabla ya kulipa ada ya mwezi, omba kukaa benchi siku moja utazame kipindi kizima. Angalia saa. Kipindi cha dakika 90 kikiwa na dakika 20 za kupasha mwili na dakika 30 za kufundishwa mbinu, hakuna tatizo. Unachotafuta ni kile kinachobaki: je, kuna angalau dakika 20 za watu wawili wawili wanaopingana kweli? Ngumi wanaita sparingi, judo wanaita randori. Kama mpaka mwisho watu wamepanga mistari wanapiga hewa kwa kuhesabu, hapo utajifunza mistari.

Angalia pia mtu anavyokosea. Kwenye ukumbi mzuri utaona mbinu zikishindikana mara nyingi: ngumi inapita hewani, mtupaji anatupwa yeye. Ukiona kila mbinu inafanikiwa na anayeshambulia anaganda mkono mbele ili avunjwe taratibu, ujue wamekubaliana. Halafu tazama mgeni wa wiki ya kwanza amepewa nani. Mwalimu makini anamweka na mzoefu mpole. Mwalimu mzembe anamtupia kijana wa mashindano ili wacheke, na hapo ndipo watu wanapoachia mchezo. Aliyekabwa akigonga mkono kuomba aachiwe, anaachiwa papo hapo au kuna anayeongeza sekunde moja ya kiburi? Hiyo sekunde moja ndiyo inayong'oa bega. Sakafu nayo iangalie: mikeka ya judo ni ya unene wa sentimita 4 hivi. Jamvi juu ya saruji halifai kutupana, hata mwalimu awe na dani (madaraja ya mkanda mweusi) ngapi.

Sasa kwenye michezo uliyoitaja. Kila mchezo unakujenga kwa kile sheria zake zinachoruhusu, na unakuachia tundu pale zinapokataza. Taekwondo ya mashindano hairuhusu ngumi ya usoni, kwa hiyo mikono inazoea kukaa chini. Miguu inakuwa hodari, lakini ukiwa ndani ya daladala au kwenye uchochoro wa Kariakoo hakuna nafasi ya teke la juu. Kyokushin, mtindo wa karate ya kupigana kwa nguvu, ni ngumu kwelikweli na inafundisha kuvumilia kipigo, ila nayo inakataza ngumi usoni, hivyo vijana wanasimama kifua kwa kifua nyuso zikiwa wazi. Karate ya pointi inazoesha kugusa na kurudi. Kwenye fainali ya uzito wa juu ya Olimpiki ya Tokyo, Agosti 2021, Tareg Hamedi wa Saudi Arabia alimpiga Sajad Ganjzadeh wa Iran teke la kichwa akazimia. Hamedi akaondolewa kwa kupiga kupita kiasi, na dhahabu akapewa aliyezimia. Kwa sheria za mchezo ule uamuzi ulikuwa halali. Lakini mwili unaofunzwa miaka kumi kuzuia pigo lisifike utafanya hivyohivyo siku unayotaka lifike. Hayo yote hayamaanishi karate ni bure. Kuna madojo (kumbi za mazoezi) ya Goju-ryu na Shotokan, mitindo ya karate, kwetu wanaopigana kweli na kufanya kazi ya karibu ya kushikana. Ukiliona la hivyo, na liko jirani, jiunge.

Ngumi ndiyo ninayokushauri uanze nayo, kwa sababu tatu. Jimu zake zimejaa uswahilini, Manzese na Temeke huzikosi, na mara nyingi ada yake ni nafuu. Inakufundisha haraka kitu kigumu kuliko vyote, yaani kuliangalia pigo linakuja bila kufumba macho wala kugeuza uso. Na inakupa miguu: kutoka kwenye mstari, kukaa umbali ambao mtu lazima apige hatua ndipo akufikie. Tundu lake ni kwamba mkishikana refa anawatenganisha, na mtaani hakuna refa. Ugomvi wa kwetu unaanza kwa kukwidana shati. Ndiyo maana baada ya miezi sita uongeze judo, mieleka au jiu-jitsu ya Brazil (mchezo wa kubanana na kukabana chini), siku moja au mbili kwa wiki. Mwaka 1993 kule Denver, kwenye UFC ya kwanza, mashindano ya kukutanisha wapiganaji wa michezo tofauti, Royce Gracie wa jiu-jitsu ya Brazil, mwenye kilo 80 hivi, alishinda mapambano matatu usiku mmoja, na aliyeanza naye alikuwa bondia, Art Jimmerson. Jimmerson alipelekwa chini, akakaliwa juu, akagonga kuomba yaishe. Hakuwa mpiganaji dhaifu. Alifikishwa mahali ambapo hakuwahi kufanyia mazoezi. Muay thai, ngumi na mateke ya Thailand, inaziba sehemu ya tundu hilo kwa viwiko, magoti na kushikana shingo, ukibahatika kuipata.

Kitu kimoja ambacho mabondia wengi hawaambiwi: mkono mtupu si mkono wenye glavu. Ukimpiga mtu paji la uso kwa ngumi tupu, mfupa wa kiganja ulio nyuma ya kidole kidogo ndio unaovunjika kwa kawaida, kwa sababu pigo la kuzungusha linatua na vifundo vya nje. Jizoeze kutua na vifundo viwili vya kwanza, cha shahada na cha kati, na ukiwa mtupu tumia kitako cha kiganja kwa usoni, ngumi uiache kwa tumbo na mbavu. Ukumbini funga bandeji ya mita 4.5, siyo zile fupi: kitanzi kwenye dole gumba, mizunguko mitatu ya kifundo cha mkono, mitatu ya vifundo vya vidole ukiwa umevitanua, pita katikati ya vidole, malizia kwenye kifundo cha mkono. Ukifunga vidole vikiwa vimebanana, ukikunja ngumi bandeji inakaza mpaka mkono unakufa ganzi. Na usibanie bandeji kwenye kifundo cha mkono, maana hapo ndipo mkono unapokunjika ukipiga begi kwa upande. Glavu za aunsi 12 zinatosha kwa begi na pedi. Sparingi ni aunsi 16. Kinga ya meno ni lazima. Kofia ya kichwa inapunguza mipasuko, ila haizuii ubongo kutikisika, kwa hiyo isikupe ujasiri wa kupokea makonde. Sparingi ya mwanzo iwe nyepesi, theluthi ya nguvu. Ukizimika, au kichwa kikauma na ukatapika baada ya mazoezi, nenda hospitali siku hiyohiyo, na usirudi kwenye sparingi mpaka daktari aseme.

Umesema hofu yako kubwa ni roba. Ni hofu ya kweli, na ni kitu ambacho ngumi peke yake haitakuandaa nacho. Mmoja anatokea nyuma anakukaba shingo, mwenzake anapekua mifuko. Wakenya wanaiita ngeta. Mishipa ya damu ya pande mbili za shingo ikibanwa sawasawa, mtu anazima ndani ya sekunde 10 hivi, kwa hiyo kazi yako yote iko kwenye sekunde mbili za mwanzo. Kidevu chini, kikiwa kimeelekea kwenye kunjo la kiwiko chake. Mikono yako miwili ining'inie kwenye mkono wake unaokaba, vidole vyote pamoja na dole gumba kama ndoano, viwiko vyako vikivuta kwenda chini. Wakati huohuo kunja magoti, shusha makalio. Hapo unapata pumzi, na kutoka hapo ndipo unapogeuka kumkabili. Wengi wanakosea kwa kurusha kiwiko nyuma au kutafuta vidole vyake. Mikono ikiwa inazunguka huko, shingo inafungwa. Kosa la pili ni kukubali kuvutwa nyuma mpaka ukasimama kwa visigino, maana mtu aliyesimama kwa visigino hana nguvu ya kufanya lolote. Kusoma hivi hakutoshi. Mwambie mwenzako wa judo au jiu-jitsu akukabe kwa nyuma mara 20 kila wiki, akianza taratibu na kuongeza nguvu. Na wakishaanza kupekua mifuko, simu waachie.

Kisu na panga nitavipitia haraka. Kuna wanaouza mbinu za kumnyang'anya mtu kisu. Zipime hivi: vaa fulana nyeupe, mpe mwenzako kijiti kilichopakwa mkaa, mwambie akuchome kwa namna yoyote kwa dakika moja huku wewe ukitumia mbinu hizo. Kisha hesabu alama. Ukimaliza kuhesabu utajua kwa nini jibu ni mbio, na mbio nazo zinafanyiwa mazoezi: mita 100 mara sita, ukiwa na viatu vyako vya kazini.

Kuna hatari nyingine ya kwetu ambayo mabingwa wa video za nje hawaijui. Ukimpiga kibaka barabarani, watu wanajaa ndani ya dakika moja, na hawajui nani mwizi nani mwenye simu. Aliye juu anapiga ndiye anayeonekana mbaya. Ukishapata upenyo, ondoka kwenda penye mwanga na watu wanaokufahamu. Kumtupa mtu kwenye lami ni jambo zito pia: kichwa kikigonga saruji mtu anaweza kufa, na Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, inakuruhusu kujilinda kwa nguvu ya kiasi kinachohitajika tu. Judo inakusaidia hapo, kwa sababu inakuzoesha kumshikilia mtu mkono au ukosi anapoanguka. Ukiumia, pitia polisi upate PF3, fomu ya polisi ya majeruhi, kabla ya hospitali, isipokuwa kama hali ni ya dharura, mfano damu haikatiki.

Kuhusu muda: ukienda siku tatu kwa wiki bila kukosa, miezi mitatu ya ngumi inatosha kukutoa kwenye kundi la wanaofumba macho. Miezi sita utaweza kujilinda dhidi ya mtu wa kawaida asiye na mafunzo wala silaha. Judo ni mkaidi zaidi. Kumtupa mtu anayekataa kunachukua mwaka, lakini kuanguka salama unajifunza ndani ya wiki chache, na hilo utalitumia hata ukianguka kwenye bodaboda.

Mdogo wako asianze na ngumi. Aanze na jiu-jitsu au judo yenye kazi nyingi ya chini, kwa sababu hatari inayomhusu zaidi ni kushikwa na mtu mzito, mara nyingi mtu anayemfahamu, akiwa chumbani au kwenye gari. Ajifunze mambo matatu mpaka yamkae: kuinua kiuno na kubingirika upande mtu akiwa amemkalia, kuingiza goti kati yake na mtu huyo ili apate nafasi, na kusimama akiwa ametanguliza mguu mbele, mkono mmoja ukilinda uso. Afanye na wenzake wa kike kwanza, baadaye na mwanaume wa kilo 80 anayembana kweli, mwalimu akiwa amesimama pembeni. Siku ya kutazama ukumbi uende naye. Angalia wasichana wangapi wapo na wamekaa muda gani. Wakiwepo wawili watatu wenye mwaka na zaidi, mwalimu anajua kuwaweka salama. Kama hakuna hata mmoja, mpeleke kwingine, na mwalimu akikwambia mzazi au ndugu haruhusiwi kukaa kutazama, msirudi hapo.