Maswali ya Wasomaji: Betri na Joto Ndani ya Vani

Swali: Ndugu Mhariri, mimi na mke wangu tuna vani tunayolala ndani yake tunapokuwa safarini. Nyuma tumefunga betri ya asidi ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 100, ambayo huchajiwa na injini tunapoendesha, pamoja na inveta kubwa, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani. Usiku mmoja wa baridi kali tuliwasha hita ya umeme ya wati 1,000 tukitumaini kwamba itatufikisha alfajiri, lakini kabla ya saa moja kwisha inveta ililia na kujizima. Fundi ameipima betri na kusema kuwa ni nzima. Je, tukiongeza betri ya pili tutalala kwa joto?

Jibu: Hapana, hamtalala kwa joto, na fundi wenu amesema kweli. Zidisha volti 12 kwa ampea-saa 100, utapata wati-saa 1,200, yaani nishati ya kuendesha kifaa cha wati 1,200 kwa saa moja. Hata hivyo, betri ya asidi ya risasi ikishushwa mara kwa mara chini ya nusu huchakaa upesi, kwa hiyo kiasi mnachoweza kutumia bila kuiumiza ni kama wati-saa 600 tu. Hita yenu inataka wati 1,000, na inveta nayo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi njiani, hivyo betri ilikuwa ikitoa zaidi ya ampea 90 kwa mfululizo. Ile namba 100 iliyoandikwa ubavuni kwa kawaida hupimwa kwa kuitumia betri polepole kwa muda wa saa 20, yaani ampea 5 tu. Ukiikamua kwa nguvu hutoa pungufu, na baridi huipunguza tena. Kwa hesabu hiyo, ili hita iwake usiku kucha kwa saa nane mngehitaji betri kama 15 za aina hiyo, nanyi hamngekuwa na mahali pa kulala.

Kosa hilo ni la wengi, nami nililifanya kabla yenu. Betri inafaa kwa taa, simu, feni, pampu ya maji na friji, lakini kuitaka izalishe joto la chumba kizima ni kutwanga maji kwenye kinu. Lita moja ya dizeli ina nishati inayokaribia wati-saa 10,000, mara nane na zaidi ya betri yenu ikiwa imejaa pomoni. Ndiyo sababu wanaolala ndani ya magari katika nchi za baridi hufunga hita ya dizeli, ambayo joto lake hutoka kwenye mafuta, na betri huachiwa kazi ya kuendesha feni na pampu ndogo. Hita hiyo inapowashwa huvuta kama ampea 10 kwa dakika chache ili kupasha plagi yake ya kuwashia moto, kisha hushuka hadi ampea moja au mbili, kiasi kwamba usiku mzima hauzidi sana ampea-saa 15.

Mkiinunua, zingatieni mambo mawili ambayo wauzaji hawayasemi sana. Kwanza, iwasheni jioni betri ikiwa bado na nguvu, kwa sababu ni ule mwanzo wenye ampea nyingi unaoishinda betri iliyochoka, na hita iliyokataa kuwaka saa kumi alfajiri haina msaada kwa mtu. Pili, msiizime kamwe kwa kuikatia umeme ghafla. Izimeni kwa swichi yake yenyewe na kuiacha feni izunguke mpaka chemba ya moto ipoe, la sivyo itaungua ndani.

Kabla ya kununua chochote, hata hivyo, zibeni vioo. Joto la vani hupotea zaidi kupitia madirishani, na vipande vya godoro jembamba vilivyokatwa kwa vipimo vya kila kioo vitawafaa kuliko betri ya pili. Kisha pasheni miili yenu badala ya hewa. Blanketi la umeme la volti 12 lenye wati 50, lililounganishwa moja kwa moja bila kupitia inveta, hutumia ampea-saa 25 hivi kwa saa sita, na betri yenu inalimudu. Hata chupa ya mpira yenye lita moja ya maji ya moto, ikipoa kutoka nyuzi 80 hadi 35, huwapa wati-saa 50 shukani bila betri kuguswa.

Msijaribu kupasha gari kwa jiko la gesi au la mkaa. Moto ndani ya nafasi iliyofungwa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu ambayo huua mtu akiwa usingizini, na jiko la gesi huongeza pia mvuke unaolowesha kuta na matandiko. Hata mwenye hita ya dizeli, ambayo moshi wake hutolewa nje kwa bomba, anapaswa kufunga king'ora cha kugundua gesi hiyo karibu na mahali anapolala na kuacha upenyo mdogo wa hewa.

Swali: Mimi natumia betri ya lithiamu yenye fosfati ya chuma. Kipimo changu huonyesha volti 13 na ushei tangu asubuhi hadi usiku, kisha friji huzimika bila onyo. Je, betri imeharibika?

Jibu: Huenda ni nzima kabisa. Kwa betri ya asidi ya risasi iliyopumzika, volti 12.7 ni ishara ya kujaa na 12.2 ni karibu nusu, lakini lithiamu ya aina yako hubaki na volti zilezile kwa sehemu kubwa ya safari yake na kuporomoka mwishoni, hivyo volti hazikuelezi kitu. Funga kipimo kinachohesabu ampea zinazoingia na kutoka kwenye waya wa hasi. Usiichaji betri hiyo ikiwa chini ya nyuzi 0, kwani lithiamu hujipaka kama tabaka la metali ndani ya seli na madhara yake hayarekebishiki. Wakati wa joto kali uiweke mbali na injini, na uiachie friji nafasi ya hewa mgongoni, maana friji iliyobanwa ukutani hufanya kazi karibu bila kupumzika.

Swali: Je, naweza kuacha injini ikinguruma usiku ili ichaji betri ya asidi ya risasi?

Jibu: Usifanye hivyo. Mbali na moshi unaoweza kuingia ndani, alternata, yaani jenereta inayozungushwa na injini, hutoa umeme kidogo injini ikiwa haikanyagwi, na asilimia 20 za mwisho za betri ya aina hiyo huchukua saa nyingi kujaa hata ukitumia chaja kubwa kiasi gani. Afadhali uichaji unapoendesha mchana, na siku usizosafiri utegemee paneli ya jua yenye waya mrefu, ili yenyewe ikae juani huku gari likiwa kivulini.